Kamba ya baba

Nyuma ya kaunta ya duka langu kuna msumari, na kwenye msumari huo inaning'inia kamba ya nailoni iliyokuwa nyeupe zamani, sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Urefu wake ni kama pima mbili na nusu. Wateja wageni huulizia bei. Nawajibu kwamba hiyo haiuzwi, ni ya kazi.

Nauza vipuri vya magari hapa Malindi, upande wa Maweni: klachi, bushi, pedi za breki, mishipi ya feni, na siku hizi zaidi vitu vya tuktuk. Duka lilianzishwa na babangu, Mola amrehemu, na tangu 2006 naliendesha mimi. Haya ninayoyaandika nimekaa nayo muda mrefu. Kilichonisukuma kuyaandika ni habari ya Julai 2025, Nissan walipotangaza kwamba kiwanda chao cha Oppama kitaacha kuunda magari ifikapo mwisho wa Machi 2028 na kazi yake ihamishiwe Kyushu. Kiwanda hicho kiko Yokosuka, kusini mwa Tokyo, na kimefanya kazi tangu 1961. Wanaofanya kazi humo ni karibu watu 2,400. Miezi miwili kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeshasema kwamba itapunguza wafanyakazi 20,000 duniani kote, na viwanda vyake 17 vibaki 10.

Yokosuka na Malindi, wapi na wapi? Lakini mimi nikisimama mlangoni asubuhi kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, Nissan Note zinazopita hazipungui sita. Gari hilo limeundwa Oppama kwa miaka mingi. Linafika Kilindini kwa meli likiwa halijatimiza miaka minane, kama kanuni yetu inavyotaka, linapanda huku kwetu, chumvi ya bahari na mashimo ya barabara za ndani vinaanza kulila, na mwenyewe anakuja kwangu kutafuta shoku. Watu wa mji ule wamekuwa wakinilisha mimi na wanangu bila kunijua. Nilipoisoma habari ile nilifunga simu nikaitazama kamba.

Babangu aliondoka Malindi mwaka 1978 akaenda bara, akaajiriwa katika kiwanda cha kuunganisha magari. Magari yalikuja vipande vipande ndani ya makasha ya mbao, malori na pikapu, kisha yanafungwa huku kwetu mpaka yanatembea. Kazi yake ilikuwa vioo vya mbele. Miaka kumi na sita, vioo vya mbele.

Kwa wasiojua, zamani kioo hakikubandikwa kwa gundi kama sasa. Kilishikwa na raba, na raba ile ina mifereji miwili, mmoja wa kukamata kioo na mwingine wa kukamata bati la gari. Kwanza unaivisha raba kwenye kioo. Halafu unaipitisha kamba katika ule mfereji wa pili, unazunguka nao kioo kizima mpaka ncha mbili zikutane chini, katikati, na zipishane kiasi cha shubiri. Unapaka maji ya sabuni. Wa nje anakiweka kioo mahali pake na kukisukuma kwa viganja. Wa ndani anaikamata ncha moja na kuivuta polepole, na kila kamba inapotoka, mdomo wa raba unarukia ndani ya bati kwa mlio mdogo, tap, tap, tap, hadi kona zote zimeingia. Ukiharakisha, raba inachanika. Ukivuta kwa kuielekeza kamba juu kwako badala ya kuielekeza katikati ya kioo, unaacha ufa pembeni ambao siku hiyo huuoni. Unauona baada ya wiki, gari likiwa njiani na watu ndani. Baba aliisema hiyo sentensi ya watu ndani mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Yale makasha ndiyo yaliyojenga mtaa wetu. Maseremala walizinunua mbao zake kwa jumla nyuma ya ukuta wa kiwanda, wakaunda vitanda, kabati, vibanda vya kuuzia mboga, hata milango ya vyoo. Kitanda nilichozaliwa nikakikuta kilikuwa na herufi za Kijapani zilizopigwa muhuri ubavuni. Nilidhani vitanda vyote duniani huandikwa hivyo.

Na langoni, saa kumi na moja alfajiri, walikuwapo kina mama. Mamangu alikuwa na mahamri na mbaazi, vitu ambavyo watu wa bara hawakuvijua vizuri lakini waliishia kuvipigania. Kulia kwake mama mmoja wa Murang'a akiuza uji na nduma. Kushoto, mama mwingine na chapati. Wanaume wakitoka zamu ya usiku wanakula, wanaoingia ya asubuhi wanakula. Wengi walikula kwa deni mpaka mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na daftari la jalada la bluu, jina la mtu upande wa kushoto na vijiti upande wa kulia, kijiti kimoja kwa kila sahani, vinne na kimoja cha kukata.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ilifungua biashara ya nje, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani na Dubai. Sitaki kusema uongo kwamba jambo hilo lilikuwa baya kwa kila mtu. Mwalimu aliyekuwa hawezi kuota gari jipya aliweza kununua la mitumba. Lakini nani tena angenunua lililofungwa kwetu kwa bei karibu mara mbili? Kiwandani zamu mbili zikawa moja. Siku tano za kazi zikawa tatu. Baba akawa anarudi mapema na kukaa nje ya nyumba akisuka kamba isiyohitaji kusukwa.

Barua aliipata Ijumaa, mwaka 1994. Nilikuwa darasa la tano. Ilisema nafasi yake haihitajiki tena, na kwamba malipo yake yote atayapata ndani ya siku thelathini. Walipigwa kalamu kundi zima siku hiyo, wa vioo, wa rangi, wa viti. Alirudi na ovaroli mbili zilizokunjwa, na kamba. Sijui kama aliruhusiwa kuichukua.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo langu. Siku thelathini zile ziligeuka miezi kumi na mmoja. Fedha zilikuja kwa mafungu matatu. Na nikitazama nyuma kwa macho ya mtu mzima mwenye duka na wafanyakazi wawili, naona kwamba kilichotumaliza ni ile miezi kumi na mmoja. Baba angelipwa siku ile ya Ijumaa, tungefunga mizigo Jumapili na kuja Malindi tukiwa na akiba, mama na dhahabu yake masikioni. Badala yake kila Jumatatu baba alivaa shati lililopigwa pasi akaenda langoni pamoja na wenzake kuuliza. Wanasimama mpaka saa sita. Anatoka mtu anawaambia wiki ijayo. Hangeweza kuhama, maana malipo yanaweza kutoka wakati wowote na asiyekuwapo jina lake litarukwa. Hangeweza kuanza kazi nyingine, maana kila Jumatatu yuko langoni. Kodi ya nyumba haikungoja. Tukauza cherehani, tukauza redio, mwisho tukauza baiskeli.

Mama aliendelea kwenda na mahamri wiki mbili za kwanza, kisha akaacha. Wanaume aliokuwa akiwadai walianza kupita upande wa pili wa barabara. Hawakuwa watu wabaya, walimwonea haya. Aliwaita, "Njooni mnywe chai, nani amewauliza pesa?" Wengine walikuja wakanywa kwa kuinamia kikombe, wengine hawakuja tena kabisa. Alikuwa akidai zaidi ya shilingi elfu nne, na yeye mwenyewe alidaiwa unga na mafuta kwa mwenye duka la jumla. Ndipo vipuli vya dhahabu alivyopewa na bibi vikaenda. Mama wa uji alirudi kwao Murang'a mwezi huohuo. Maseremala walikaa kidogo, halafu makasha yakawa machache, na wao wakafunga. Kwenye hesabu ya kampuni hakuna hata mmoja wa hawa aliyeachishwa kazi. Hawakuwahi kuajiriwa.

Tulifika Malindi mwaka 1995, nyumbani kwa bibi, Shela. Tulikuja na kile kitanda juu ya lori la mtu. Watoto wa mtaani walinicheka kwa Kiswahili changu, wakaniambia, "Mbona wasema kibara?" Nikajifunza kunyamaza mpaka nikasema kama wao. Baba alipata mtihani mkubwa zaidi. Wazee wenzake walimsalimu wakamuuliza, "Umekuja likizo?" na yeye akajibu ndiyo. Alijibu ndiyo kwa miezi. Bibi ndiye aliyemaliza jambo hilo. Siku moja alimwambia mbele yetu sote, "Mwanangu, likizo imekwisha. Matatu zapasuka vioo kila uchao barabara ya Mombasa, na mtu wa kuvitia hapa hakuna. Ondoka."

Akaondoka na kamba yake akaenda stendi. Kwa fungu la tatu la malipo akakodi kijumba, akakivunja kitanda changu, na zile mbao ndizo kaunta ninayoegemea sasa hivi. Herufi bado zipo, upande wangu, mteja hazioni.

Miaka ya mwanzo ya duka alikuja Mtaliano mmoja mzee, mkazi wa hapa, na Fiat Panda yake ya zamani inayovuja kioo. Malindi hamna haja ya kuelezwa Wataliano, tumekaa nao tangu enzi za San Marco, kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni. Huyu Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kununua samaki na kugombana na fundi. Alipomwona baba anapitisha kamba kwenye raba, aliinua mikono yake hewani, akaivuta kamba ambayo haikuwapo, kuelekea katikati. Baba akasimama. Kumbe bwana yule ujana wake wote alikuwa katika karakana ndogo nje ya Turin, wakitengeneza raba za vioo na milango kwa ajili ya kiwanda kikubwa.

Swali la kwanza la baba lilikuwa, "Mlilipwa?"

Mtaliano alijibu, "Wale wa kiwanda kikubwa, ndiyo, miaka. Sisi wadogo, mlango kufuli, basi."

Kiwanda kikubwa alichokisema ni Fiat, na nilikuja kuisoma baadaye habari ya mwaka walipopigwa kalamu. Septemba 1980 Fiat ilitangaza kuwaachisha kazi watu 14,469. Mgomo ukakaa siku 35, malango ya Mirafiori, kiwanda chao cha Turin, yakiwa yamezibwa. Tarehe 14 Oktoba wasimamizi na makarani, na wengine waliotaka kazi ianze, wakaandamana Turin, na mpaka leo Wataliano huyaita maandamano ya watu arobaini elfu. Mgomo ukavunjika. Wafanyakazi 23,000 wakawekwa kwenye cassa integrazione, yaani mfuko unaomlipa mtu sehemu ya mshahara wake huku akiambiwa akae nyumbani. Wengi hawakurudi tena kiwandani. Mzee yule alisema aliona wanaume wazima Turin wakitoka asubuhi wamevaa kama wanaokwenda kazini, wakazunguka mjini hadi saa ya kurudi. Baba aliposikia hivyo aliangalia chini. Hakumwambia kuhusu likizo yake, lakini Panda ile hakuitoza.

Malindi tumeyaona haya bila kuwa na kiwanda. Miaka ile ya 2013 na 2014, wageni walipokatika, hoteli zilifunga milango moja baada ya nyingine na watu wakaambiwa tutawaita. Muuza madafu, mvuvi, mshona kanzu za watalii, wote wakaanguka pamoja na wahudumu. Baadhi ya waliopata chochote walinunua tuktuk. Mauzo yangu yalipanda mwaka ambao jirani zangu walipoteza kazi, na nimeishi na ukweli huo, hauwi mwepesi.

Kwa hiyo kila ninapozisikia habari hizi siku hizi nauliza kama baba. Desemba 2024 Volkswagen na chama cha wafanyakazi walikubaliana kupunguza zaidi ya nafasi 35,000 Ujerumani kufikia 2030, bila kumtimua mtu kwa lazima. Ni idadi ya kutisha, lakini mtu kapewa miaka ya kujipanga, na alikuwapo wa kumsemea mezani. Kiwanda cha Audi cha Brussels kilifungwa mwisho wa Februari 2025, watu kama 3,000. Hata hizi tuktuk zetu, zile Ape za Piaggio: pale Pontedera walikoanza kuziunda mwaka 1948, uundaji ulikoma mwishoni mwa 2024, sasa zinatoka India.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa leba, aeleze sababu na kiasi, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa miaka 16 ya babangu hiyo ingekuwa siku 240. Mimi ningeomba jambo moja juu ya hayo: fedha na barua vitoke siku moja, kwa mkono mmoja. Asiye na fedha za kulipa leo asitoe barua leo. Najua wenye viwanda wataniambia sielewi biashara. Naielewa. Mfanyakazi wangu mmoja aliondoka mwaka juzi, mauzo yalipokuwa chini, na nilikaa na barua yake mezani wiki tatu mpaka nikapata haki yake yote.

Mwaka 2009 simu ya mama ililia, ujumbe wa M-Pesa, shilingi 340, kutoka nambari asiyoijua. Baada ya dakika chache mtu akapiga. "Mama Malindi, shikamoo. Ni la mahamri." Mama alijua ni nani kwa sauti. Alilitoa daftari la bluu sandukuni, akalitafuta jina, akahesabu vijiti, akamwambia, "Marahaba mwanangu. Umezidisha kumi."

Baba hakuruhusu mtu kuzisema vibaya gari za Japani mbele yake, ingawa ndizo zilizomtoa kazini. Note ya kwanza kuletwa hapa aliizunguka yote, akapitisha kidole ukingoni mwa kioo. Kilikuwa cha gundi, hakina raba, hakina mahali pa kamba. Akasema, "Aliyekibandika huyu alitulia." Namfikiria huyo aliyetulia, kama bado yuko pale Oppama, anahesabu miezi hadi Machi 2028. Nafikiria pia nani anauza chakula karibu na lile lango, na kama naye ana daftari.

Kamba ina kazi bado, kwa sababu kioo cha tuktuk ni cha raba. Alhamisi iliyopita ilikuja moja, jiwe la lori la kokoto limekigonga kioo njia ya Sabaki. Mwana wa dada yangu, ana miaka kumi na saba, aliingia ndani nikampa ncha. Nilisimama nje na viganja vyangu kwenye kioo. Alianza kuvuta kuelekea kwake, nikagonga kioo kwa kucha. Akashusha mkono. Tap, tap, tap, kona ya kwanza, ya pili. Kona ya tatu ilikataa, tukaongeza sabuni.

Dereva alipapasa ukingo wote kwa kidole gumba, akatoa nusu ya fedha, akasema, "Da, hii nyingine Jumamosi, kazi imelala." Nikamwambia sawa. Nikaandika jina lake upande wa kushoto.